Naomba ushauri: makosa ya magazetini yananipa shida darasani

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili kidato cha pili na nimezoea kutumia magazeti darasani. Juzi nilimkata mwanafunzi alama kwa kuandika "hajali ya basi" badala ya "ajali". Kesho yake akaniletea gazeti. Kichwa cha habari, kwa herufi kubwa: HAJALI. Nilikosa la kusema. Ndani nikakuta "hameuawa", na aya nzima isiyo na nukta hata moja. Inaniuma sana, maana mtoto anaamini kilichochapishwa. Nimemwandikia mhariri mara mbili, kimya. Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ninayo, ila wanafunzi wanaliamini zaidi gazeti.

Naombeni mnisaidie: niendelee kuyatumia magazeti au niache? Na malalamiko ya namna hii BAKITA wanayapokea, au niyapeleke wapi?