Sayansi kwa wanaosomea nyumbani: darasa la mtandaoni, kozi ya kurekodiwa, au vitabu tu?

MamaNeema_Moro

Wakuu, habari za jioni. Nina binti wa miaka 13, tunasomea nyumbani huu mwaka wa tatu, hapa Morogoro. Hisabati na Kiingereza najimudu, lakini sayansi imeanza kunizidi kimo. Mimi ni mhasibu. Fizikia niliagana nayo kidato cha pili na hatujasalimiana tena. Lengo ni afanye IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa ngazi ya kidato cha nne hivi, akifika miaka 16 kama mtahiniwa wa kujitegemea, biolojia, kemia na fizikia, maana anautaka udaktari.

Nimechuja, zimebaki njia tatu. Kuna darasa la moja kwa moja, mwalimu yuko kwenye skrini mara mbili kwa wiki. Ada ya somo moja tu inakaribia ninachotumia kwa masomo mengine yote. Kuna kozi ya video zilizorekodiwa, unalipia mwaka mzima na mtoto anakwenda kwa kasi yake. Halafu kuna kununua vitabu vya kiada, kujazia na vya bure vya mtandaoni kama Khan Academy (video na mazoezi) na PhET (maigizo ya majaribio kwenye skrini), na kumwomba Mungu. Nani amepita wapi? Naomba uzoefu, matangazo ya biashara nimeshashiba.

Mwl_Mstaafu

Mama Neema, kabla hujatafuta mpishi sema unapika nini. Bodi gani ya mtihani?

IGCSE ni ya Cambridge. Pearson Edexcel nao wana International GCSE yao, na watu huziita zote kwa jina moja. Kwa mtoto wa nyumbani tofauti kubwa iko kwenye vitendo. Cambridge, Biolojia ni silabasi namba 0610, Kemia 0620, Fizikia 0625. Anayelenga alama za juu hufanya karatasi ya 2 (maswali 40 ya kuchagua, dakika 45), karatasi ya 4 ya nadharia, kisha ama ya 5 ama ya 6. Ya 5 ni maabara ya kweli. Ya 6 ni mbadala wa vitendo: saa 1, alama 40, anaandika tu, lakini maswali yanamtafuta mtu aliyewahi kushika vifaa. Karatasi hiyo peke yake ni asilimia 20 ya somo. Edexcel hawana karatasi ya vitendo. Wana karatasi mbili, moja ya saa 2 na nyingine ya saa 1 na robo, na maswali ya majaribio yamechanganywa humohumo. Alama zao ni 9 hadi 1, Cambridge wengi wanatumia A* hadi G.

Kwa hiyo anza kwa kupiga simu kwenye vituo vya mitihani. Si kila kituo kinapokea watahiniwa wa nje, na kinachopokea kinaweza kuwa na bodi moja tu. Ukipata kituo, bodi imejichagua. Bodi ikijichagua, kitabu kimejichagua. Nimeona wazazi wakianza na kitabu kizuri, miaka miwili baadaye wanakuta theluthi ya silabasi mtoto hajawahi kuiona.

Jambo moja zaidi, kwa sababu umetaja udaktari: usichanganye Combined Science (0653) na Co-ordinated Sciences (0654). Zote zina sayansi tatu ndani. Ya kwanza inatoa alama ya somo moja, ya pili inatoa ya masomo mawili. Kwa binti yako ningeshika masomo matatu yanayojitegemea. Na kama anaweza kurudi kidato cha tano hapa nyumbani, ulizia mapema NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, habari ya ulinganifu wa vyeti.

BabaIma_NRB

Sisi tulianza na darasa la moja kwa moja. Jina naliacha. Muhula wa kwanza walikuwa watoto wanane na mwalimu alikuwa moto kabisa, anamwita kila mtoto kwa jina. Muhula wa pili wakajazwa hadi ishirini na kitu, maswali yanaandikwa pale pembeni na hakuna anayeyasoma. Mwalimu akabadilishwa mara tatu. Kijana wangu akajifunza somo moja kwa ukamilifu: kuzima kamera. Na stima ikipotea saa ya kipindi, kipindi kimeenda.

Lakini sitasema njia hiyo ni mbaya. Kosa letu lilikuwa kulipia masomo yote matatu. Biolojia mtoto anayejua kusoma anaisoma mwenyewe, kwa kweli. Kemia inasomeka mpaka mnafika kwenye moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe. Fizikia ndiyo inataka mtu. Sasa tunalipia mtu mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, saa moja kila Jumamosi, fizikia tu, na kijana anaingia na maswali yake ameyaandika tayari. Inatugharimu chini ya nusu ya ile ada ya zamani.

Ukiamua darasa la moja kwa moja, uliza mambo mawili: darasa lina mwisho wa watoto wangapi, na nani anasahihisha kazi za kuandika. Wakikuambia kompyuta inasahihisha, shukuru uondoke. Karatasi ya 4 haina maswali ya kuchagua.

BintSeif_Muscat

Assalaam aleikum. Mie nilipita njia ya kozi ya kurekodiwa, ya Kimarekani. Video safi, mwalimu mcheshi, mwanangu akiipenda khasa. Tatizo sikuliona mpaka tumeshazama: Wamarekani wengi husomesha biolojia mwaka mmoja, kemia mwaka wa pili, fizikia mwaka wa tatu. Huku kwenye IGCSE sayansi zote tatu huenda sambamba kwa miaka miwili. Mwanangu alimaliza biolojia yote, akaiweka kabatini. Alipokaribia mtihani alikuwa akikumbuka vichekesho vya mwalimu tu. Ikabidi tuanze upya.

Pia tazameni mwandishi anasimamia wapi. Apologia, mathalani, ni kozi ya Kikristo na haijifichi. Inaandika kwa mtazamo wa uumbaji. Nawasifu kwa majaribio yao, yanatumia vitu vya jikoni na yanaeleweka. Lakini Biolojia ya 0610 ina mada ya uteuzi wa asili, ambayo ni sehemu ya nadharia ya mageuzi, na msahihishaji anataka jibu la silabasi. Sie Waislamu tulilizungumza mezani waziwazi: hivi ndivyo mtihani unavyouliza, hivi ndivyo tunavyoamini, na yote mawili uyajue vizuri. Kila nyumba itaamua lake, ila isije ikawa mtoto ndiye anayegundua ndani ya chumba cha mtihani.

Kaka_Minneapolis

Nimewasaidia wapwa zangu wawili, mmoja huku Minnesota, mwingine Tabora, kwa vitu vya bure karibu vyote. Nieleze vinavyotofautiana, maana watu huvitaja kwa mkupuo kana kwamba ni kitu kimoja.

OpenStax ni vitabu vya Chuo Kikuu cha Rice, unapakua PDF bila kulipa. Watu hukimbilia Biolojia yao na Kemia yao, na hivyo ni vya mwaka wa kwanza chuoni! Biolojia ina kurasa zaidi ya 1,000. Mtoto wa miaka 13 ukimpa hicho umemkomoa. Fizikia yao ya sekondari ndiyo inayomfaa. CK-12, vitabu vingine vya bure vya mtandaoni, iko karibu zaidi na umri wake, na unaweza kupanga sura upya zifuate silabasi yako. Khan Academy naitumia pale mtoto alipokwama tu, dakika kumi za video kisha mazoezi. Kuifuata toka mwanzo hadi mwisho ni kufuata mtaala wa Marekani, dada Bint Seif ameshaeleza yaliyompata.

PhET nitaisifu bila aibu. Ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Nobel yake ya fizikia. Mtoto anaunga betri, waya na balbu kwenye skrini, anaweka amita, anasoma mkondo. Akiunga waya moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, betri inawaka moto palepale. Mpwa wangu wa Tabora aliiunguza betri kama mara kumi kabla ya kukubali kuendelea na somo, na hajasahau maana ya shoti tangu siku hiyo. Kuna maigizo yao kadhaa yaliyotafsiriwa Kiswahili pia, yanamfaa mtoto aliyesoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili shule ya msingi na sasa anarushwa kwenye Kiingereza.

Kama bando ndiyo inayokuumiza, tafuta Kolibri. Ni programu ya bure: unapakua masomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, halafu mtoto anasoma bila mtandao. Khan ya Kiswahili imo, CK-12 imo, PhET imo.

Mkweli_Daima

Mnajitesa bure. Shule zipo, maabara zipo. Pelekeni watoto shule.

BabaIma_NRB

Mkuu, uzi huu unauliza vitabu. Ule wa kubishana kama tusomeshe nyumbani uko kule juu, una kurasa arobaini.

Asha_A2

Shikamooni. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumbani, Arusha, nilifanya Cambridge masomo yote matatu kwa karatasi ya 6. Niongeze upande wa aliyekaa kwenye kiti.

Nilikuwa na kitabu cha kiada kilichoidhinishwa na Cambridge kwa kila somo. Vya mkono wa pili vinatosha, ila hakikisha toleo linalingana na miaka ya silabasi. Imeandikwa kwenye jalada la mbele la silabasi yenyewe, na silabasi ni bure kwenye tovuti yao. Mama alichapisha silabasi, nikawa natia vema kwa penseli kila mstari nikiuelewa, na kwa wino nikiweza kumfundisha mdogo wangu. Mistari ya penseli ndiyo iliyonionyesha pa kurudi.

Karatasi ya 6 ilinifunza adabu. Kwenye biolojia wanakuletea picha ya kitu, uichore: mistari myembamba isiyokatika, hakuna kutia kivuli, mchoro ujaze angalau nusu ya nafasi. Mimi ni mchoraji, nilitia vivuli vizuri nikapoteza alama. Kemia swali la mwisho ni kupanga jaribio lako mwenyewe, alama 6, na hapo aliyesoma video tu anaanza kuandika "nitachukua kiasi cha asidi". Kiasi gani? Utapima na nini? Utarudia mara ngapi?

Fizikia tulifanya pendulamu kwa uzi na nati ya baiskeli kwenye fremu ya mlango. Uzi wa mita 1, unahesabu mibembeo 20, unapata sekunde 40 hivi, unagawanya. Nilihoji kwa nini nisipime mmoja tu. Baba akanipa saa nipime mmoja mara tano. Nikapata 1.7, 2.3, 2.0, 1.8, 2.2. Nikanyamaza.

MamaNeema_Moro

Ahsanteni sana, na Asha mwanangu, marahaba. Nimepiga simu vituo viwili. Kimoja hakipokei watu wa nje, cha pili kinapokea na ni Cambridge. Basi: vitabu vitatu vya mkono wa pili, Kolibri kwa ajili ya bando, na mtu wa fizikia wa Jumamosi. Darasa la moja kwa moja nimeliacha.

Leo tumejaribu lile jaribio la kupima wanga kwenye jani na limetushinda. Tumechuma jani la maharage kwenye ndoo uani, tukalichemsha kidogo, tukalitia kwenye spiriti mpaka likapauka, tukalisuuza, tukadondoshea ayodini ya duka la dawa niliyoizimua kwa maji. Kitabu kinasema likiwa na wanga litakuwa bluu nyeusi. Letu limebaki hudhurungi tu. Ayodini imeisha muda?

Mwl_Mstaafu

Kwanza, spiriti mliipashaje? Niambie hamkuiweka juu ya moto.

Ayodini mjaribu kwenye kipande cha kiazi, maana kina wanga. Na jani mlichuma saa ngapi?

MamaNeema_Moro

La hasha. Kikombe cha spiriti ndani ya sufuria ya maji yaliyokwisha kuepuliwa, jiko limezimwa. Kiazi kimekuwa cheusi tii papo hapo. Jani tulichuma saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, ili tumalize mapema.

Mwl_Mstaafu

Basi jaribio halijawashinda. Usiku hakuna jua, mmea unatumia wanga uliotengeneza mchana. Mmechuma jani wakati ghala limeshakombwa. Chumeni lingine kwenye ndoo ileile kesho saa 10 jioni. Hilo la asubuhi msilitupe, libandikeni kwenye daftari na saa yake.

MamaNeema_Moro

Saa 10 na dakika 20 jioni. Sahani nyeupe, jani la pili. Limekuwa jeusi kuanzia kwenye mishipa kwenda nje, Neema amepiga kelele jirani akachungulia ukutani. Sasa anataka kuchuma moja kila baada ya saa mbili, kuanzia alfajiri. Mwalimu, maharage yana majani tisa tu yaliyobaki.

Mwl_Mstaafu

Asichume jani zima. Akate kipande kidogo cha ukubwa uleule kila mara, kutoka kwenye jani moja kubwa, na aandike saa.