Nyumba ya mnada Mazizini, slebu ina kutu: inunuliwe au iachwe?

Assalaam alaykum jamaa. Benki inapiga mnada nyumba ya rehani Mazizini, Unguja, vyumba vinne, paa la slebu (zege) mbele na la bati upande wa ua. Bei ya kuanzia ni ndogo kwa mtaa ule. Picha zinaonesha bati limeoza, na chini ya slebu kuna mistari ya kutu. Mnada ni wiki 3 zijazo, na mie nipo Leicester. Nianzie wapi?
Mtu wa Wete

Waalaykum salaam kaka. Bati liache kwanza, anza na karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Unachonunua ni haki ya matumizi pamoja na jengo, na kwa sheria ya 1992 haki hiyo hupewa Mzanzibari. Kama umeshachukua uraia wa huko, muone wakili kabla ya kutia dau.

Wakili huyo (si mpwa wako, tafadhali) akapekue usajili wa ardhi. Jina lililo kwenye hati ndilo la mkopaji? Rehani imesajiliwa? Kesi ipo mahakamani, au zuio? Hati ikiwa bado ina jina la marehemu babu, jua warithi watakuja baada ya wewe kulipa. Aulize pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, maana wakfu hauuzwi wala hauwekwi rehani. Kisha apite kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ambaye ndiye anayejua nani analala mle ndani na kwa haki gani. Mkopaji akiwa bado yumo na watoto, funguo hutozipata siku ya mnada, na gharama ya kumtoa ni yako.

Tangazo lisome neno kwa neno. Aghalabu wanataka asilimia 25 nyundo ikigonga na iliyobaki ndani ya siku 14. Ukichelewa, amana inakwenda. Pesa ziwe zimeshafika Unguja kabla. Hati ya uwakala isainiwe ubalozini na itaje kila kitu: kutia dau mpaka kiwango gani, kulipa, kusaini uhaulishaji (kuhamisha haki ije kwako), kupokea funguo. Ukiandika tu "kunisimamia", watamrudisha wakala wako dirishani.

Kuhusu riba na kununua nyumba ya mtu aliyeshindwa deni, muulize sheikh wako. Hilo si la wakili.
Jamaa wa Toronto

Mie nataka kusema habari ya slebu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuamulia. Mazizini upepo wa bahari unafika, na nyumba nyingi za zamani zilijengwa kwa mchanga wa pwani. Chumvi inaingia kwenye zege na kuila nondo. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, basi zege linapasuka kwa mstari ulionyooka kuifuata nondo. Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama wavu ni plasta tu, hazina neno. Ufa unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari na kupanuka juu ni msingi umezama. Huo ni mkubwa.

Mpeleke fundi na nyundo ndogo, chaki na kalipa (kipimo cha unene). Agonge slebu kwa chini, mraba mmoja mmoja wa sm 50. Panapolia debe, atie chaki. Kisha afungue sehemu mbili tatu apime nondo. Ya mm 12 iliyobaki mm 10 imeshapoteza karibu asilimia 30 ya chuma. Ikiwa chaki imejaa theluthi ya slebu na nondo ndizo hizo, mie ningehesabu kuibomoa yote na kumwaga upya, na dau lishuke kwa kiasi hicho. Benki ikikataa watu wafungue, hesabu hivyo hivyo.

Ikiwa ni vipande, inatengenezeka. Egemeza miti ya mvinje kila mita 1 kabla ya kugusa kitu. Chimba mpaka sm 2 nyuma ya nondo, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are, osha kwa maji baridi ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Nondo mpya ilale na ya zamani sm 50 kila upande. Ziba kwa saruji 1 na mchanga safi 3, umwagilie siku 7. Kosa la kila siku ni kupiga plasta juu ya kutu: inapendeza siku ya kuhamia, masika mawili haifiki.
Fundi wa Chake, sasa Muscat

Bati nalo ni rahisi kuhesabu. Tuseme paa ni la pande mbili, kila upande mita 12 kwa 5.8: bati la mita 3 linafunika upana wa sm 75 hivi likishapandana, kwa hiyo safu 16, kila safu mbili, zikipandana sm 20. Jumla 64, ongeza 3 za kuharibika. Geji (unene wa bati) iwe 28, wala usikubali 30, ambayo ni nyembamba zaidi, kule karibu na bahari. Tumia skrubu zenye mpira, zipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni. Na kabla hujalipia, mtu apande achome kenchi (mbao zinazobeba bati) kwa bisibisi. Ikizama, mchwa wameshamaliza mbao na hiyo hesabu ya bati 64 haina pa kukaa.
Wa Toronto tena