F-16 ya kutua melini, skeli 1/48: mguu wa mbele nitoe wapi na bawa nikate wapi?

Msasa_Laini

Wakuu, habari zenu. Nina boksi la F-16A skeli 1/48 na nataka kutengeneza ndege ya "ingekuwaje": F-16 iliyochukuliwa na Jeshi la Wanamaji la Marekani badala ya F-18 (Hornet), iko kazini kwenye meli ya kubeba ndege mwaka 1979. Nimepanga mguu wa mbele na kulabu (ile ya mkiani inayonasa waya wa sitaha) vitoke kwenye boksi la Hornet, mabawa yakunjwe, rangi iwe kijivu juu na nyeupe chini. Modeli nyingi za namna hii ni F-16 ile ile iliyobandikwa neno NAVY, basi, na mimi sitaki ya hivyo. Je, mguu wa Hornet unakubali? Bawa nikate wapi? Na mtu anayezijua ndege za melini ataangalia nini kwanza?

Skeli48

Mkuu, kabla hujashika kisu rekebisha mwaka, maana mwaka ndio utakaoamua rangi na spea zote.

YF-16, yaani F-16 ya mfano, iliruka rasmi tarehe 2 Februari 1974, Jeshi la Anga likaichagua Januari 1975. Wanamaji wakatangaza tarehe 2 Mei 1975 kwamba wao wanachukua ndege iliyotokana na mshindani wake YF-17, ambayo ndiyo F-18. Kwenye shindano hilo la Wanamaji, General Dynamics, watengenezaji wa F-16, walishirikiana na kampuni ya Vought, na pendekezo lao linajulikana kama Vought Model 1600. Kwa hiyo ndege yako ina mzizi kwenye michoro halisi, haikuanzia hewani. Lakini F-18 yenyewe iliruka mara ya kwanza Novemba 1978 na kikosi cha kwanza cha kazi, VMFA-314, kilianza kazi nayo 1983. F-16 ya meli isingekuwa kazini 1979 hata mambo yangekwenda vizuri kiasi gani. Chagua moja: ndege ya majaribio ya 1977 au 1978 pale Patuxent River, Maryland, kituo cha majaribio cha Wanamaji, au ndege ya kikosi ya 1983 kuendelea. Usichukue katikati.

Usiongozwe pia na picha za F-16N. Zile ni za kweli, zilikuwa 26, Wanamaji walizitumia kuanzia 1987 kuigiza ndege za adui kwenye mazoezi. Ziliruka kutoka nchi kavu tu, hazikuwa na mguu wa manati (mtambo unaorusha ndege kutoka melini).

Sasa mguu wa mbele. Wa Hornet uache. Hornet ina mdomo wa hewa kila upande na mguu uko chini ya pua, unakunjwa kwenda mbele. F-16 ina mdomo mmoja chini ya kidevu, mguu umekaa nyuma ya mdomo huo na unakunjwa kwenda nyuma. Ndege ya melini yenye mpangilio wa namna hiyo ipo na ni ya Vought hao hao: A-7 Corsair II. Mdomo kidevuni, mguu nyuma yake, magurudumu mawili, na mkono wa mbele unaoshikwa na manati. Fundi wa Vought aliyeambiwa F-16 iende melini angeanzia kwenye mguu huo. Kachinje boksi la A-7, utapata mguu, kulabu na mrija wa kujazia mafuta angani kwa pamoja.

Shida yake ni hii. Gurudumu la F-16 hugeuka robo duara likalala bapa chini ya njia ya hewa, ndiyo maana shimo lake ni la kina kifupi. Magurudumu mawili hayawezi kulala hivyo. Watu wengi huchimba shimo liingie ndani zaidi, na kwenye maboksi yenye njia nzima ya hewa hadi injini unaitoboa njia yenyewe. Hata kwenye ndege halisi hapo hapana nafasi. Panua shimo kwa pembeni: pima magurudumu mawili kutoka ukingo hadi ukingo, ongeza 1 mm kila upande, halafu milango iwe na uvimbe wa 1.5 mm kwenda nje. Uvimbe utaupata kwa plastiki bapa ya 1 mm ukiweka puti juu yake na kuusugua kwa msasa namba 400, kisha 800.

Urefu wa mguu upime kabla ya gundi. Kati ya mguu wa mbele na wa nyuma F-16 ina mita 4, yaani milimita 83 kwenye skeli yako. Mguu ukizidi kwa 2 mm pua inainuka karibu digrii moja na nusu. Kiasi hicho kinapendeza kwenye ndege ya manati. Phantom za Uingereza, F-4K, zilikuwa na mguu wa mbele unaorefushwa kabisa wakati wa kurushwa. Ukizidi 4 mm ndege inaonekana imekalia mkia.

KeekeeNdogo

Nakubaliana na Skeli48 kuhusu A-7. Naongezea miguu ya nyuma, maana hapo ndipo macho ya wajuzi huenda mapema.

Miguu ya F-16A ni myembamba mno kwa ndege inayopigizwa kwenye sitaha. Usiitoe kwenye Hornet. Ile imejengwa tofauti kabisa na haitaingia kwenye tumbo la F-16. Chukua seti ya F-16C Block 40 au 50, yaani matoleo ya baadaye. Hizo ni nzito zaidi, matairi yake ni makubwa, na milango yake ina uvimbe tayari kutoka kiwandani kwa sababu tairi halikutosha. Tairi la inchi 27.75 ni milimita 14.7 kwenye skeli yako, lile la F-16A ya mwanzo la inchi 25.5 ni 13.5. Tofauti hiyo inaonekana ukiwa umesimama mezani.

Angalizo moja la taa. Kwenye F-16A taa za kutua ziko kwenye miguu ya nyuma, kwenye Block 40 na 50 zimehamia mlango wa mguu wa mbele. Ukichukua miguu ya Block 50 na mlango wako mpya, ndege inabaki haina taa hata moja. Weka moja kwenye mguu wa mbele. Juu yake weka kijisanduku cha vioo vitatu, kijani, kahawia-njano na nyekundu, ambacho afisa wa sitaha hukitazama ajue ndege inakuja kwa pembe sahihi. Vipande vitatu vya plastiki ya uwazi, kila kimoja 0.7 mm, vinatosha.

Kuhusu bawa: F-16 bila makombora ina upana wa mita 9.45. A-4 Skyhawk ilikuwa na mita 8 na ushee, nayo iliishi melini miaka yote bila kukunja chochote. Kwa hiyo ukiliacha bawa la kawaida unaweza kutetea kutolikunja. Ila Model 1600 ilikuwa na bawa kubwa kuliko la F-16, kwa sababu ndege ya melini lazima ije polepole. Ukilipanua, kunja.

Msasa_Laini

Asanteni sana. Mwaka nimeuhamisha, itakuwa ya majaribio, 1978. Kuhusu kupanua bawa: kuna Mitsubishi F-2 ya Japani yenye bawa kubwa kwa asilimia 25 kuliko la F-16, na Hasegawa wanalo boksi lake la 1/48. Nichukue mabawa yake nibandike?

KeekeeNdogo

Ningekuwa na boksi la F-2 ningelitengeneza kama F-2, ndugu yangu. Shina la bawa lake ni refu kuliko la F-16, pembe ya mbele imelala kidogo kuliko digrii 40 za F-16, na kiwiliwili chake kimerefushwa. Utajikuta unajaza puti mahali ambapo bawa linayeyukia kwenye mwili, na hapo ndipo uzuri wote wa F-16 ulipo. Ukisugua sehemu ile vibaya hairudi.

Ongeza kipande shinani. Tuseme unataka upana uzidi kwa sentimita 60 za ndege halisi. Kila bawa linapata 30, ambazo ni 6.25 mm. Tabakisha plastiki bapa hadi ufikie unene huo, kwa gundi ya plastiki ya majimaji, uache saa 24 chini ya uzito. Ukingo wa nyuma wa bawa la F-16 uko karibu mraba na mwili, hivyo huko nyuma hakibadiliki kitu. Mbele ndiko kwenye hesabu: kwa mlalo wa digrii 40, kipande cha 6.25 mm kikifuata mstari ule ule, shina linasogea mbele 5.2 mm na kuula ule ukingo mwembamba unaotoka pembeni mwa chumba cha rubani. Ukate ukingo huo ukutane na bawa, usilipindishe bawa kuufuata. Funga kwa vijiti viwili vya shaba vya 0.8 mm, kila kimoja kiingie 10 mm kila upande. Supaglu peke yake itapasuka siku utakapokamua bawa ukisugua.

Mahali pa kukunjia ni pale inapoishia ile sehemu inayocheza nyuma ya bawa, usiikate katikati, kwa sababu hakuna mhandisi angepitisha bawaba ndani ya kifaa kinachotembea. Ukingo wa mbele unaocheza ni kipande kimoja hadi nchani, basi nao ugawe kwenye mstari huo huo. Gundisha nusu ya juu na ya chini kwanza, chora mstari mara kumi kwa sindano ya kuchorea, ndipo upitishe msumeno mwembamba. Ukikata kabla ya kugundisha, nusu hizo hazitalingana tena. Funika sehemu zote mbili zilizokatwa kwa plastiki ya 0.5 mm, kisha bandika meno ya bawaba manne au matano ya 1 mm. Kata pembe ya kadibodi iwe kipimo, ili kushoto na kulia visimame sawa. Kombora la nchani linaweza kubaki bawa likiwa limekunjwa, Hornet hufanya hivyo.

Bawa_Pana

Niseme kuhusu silaha na rangi.

Wanamaji walitaka ndege inayobeba makombora ya Sparrow, na F-16A ya mwanzo haikuwa na uwezo huo. Bila Sparrow mbili modeli yako inakosa hoja. Kombora ni mita 3.66, yaani 76 mm kwako, na unene wa 4.2 mm. Litundike chini ya bawa, sehemu ya ndani isiyokunjwa, na uhakikishe mapezi yake hayagusi mlango wa gurudumu ukiwa wazi.

Mrija wa mafuta wa A-7 uweke kulia, nyuma ya vile vidude vya koni puani vinavyopima pembe ya upepo. Ukiuweka mbele yake unavuruga vipimo. Tundu la mafuta mgongoni la Jeshi la Anga lijaze puti kabisa; wengi hulisahau.

Kulabu: F-16 inayo tayari, ila ni ya dharura kwenye uwanja wa nchi kavu. Weka ya A-7 kati ya mapezi mawili ya tumboni, na chini yake ubandike ubao wa plastiki ya 0.5 mm, upana 4 mm, urefu 25 mm, uonekane kama uti unaopokea mvuto. Ipake mistari myeusi na myeupe.

Kwa 1978 ya majaribio, kijivu FS 16440 (FS ni namba za rangi za serikali ya Marekani) juu na nyeupe FS 17875 chini inakubalika, ingawa kuanzia 1977 agizo lilikuwa kijivu kitupu. Ungeenda 1983 ningekwambia FS 36320 juu ya 36375, zote butu. Anza na nyeupe: praima ya kijivu, halafu tabaka nne nyembamba za eabrashi, kila moja ikae dakika 20. Ukitaka ifunike kwa tabaka moja itajikusanya kwenye mistari ya paneli na kingo zitabaki kijivu. Acha siku mbili ndipo ubandike tepu. Usukani wa mkia, sehemu zinazocheza nyuma ya mabawa na mkia mlalo ni nyeupe hata upande wa juu. Hilo ndilo linaloitambulisha ndege ya Wanamaji wa miaka ile. Mashimo ya magurudumu nyeupe, kingo za milango nyekundu. Ukingo mwekundu upake kwa brashi baada ya kubandika mlango, kwa rangi nzito isiyo na thina nyingi, la sivyo itatambaa hadi kwenye nyeupe.