Wauzaji, mkanda wa kufungia mizigo SI mkanda wa mtungi wa mbizi!

Ndugu zangu wazamiaji, mlioko Masese, Ggaba, Kasenyi na visiwani Kalangala, huku Ziwa Victoria upande wa Uganda, naufungua uzi huu nikiwa na hasira. Kuna mikanda inauzwa mjini na mitandaoni kwa jina la "mikanda ya mitungi ya mbizi", yaani ile inayofunga mtungi wa hewa kwenye jaketi la mzamiaji, wakati ni ile ile ya kufungia mizigo kwenye pikapu. Upana milimita 25, bizimu la springi lenye meno. Muuzaji anaapa kuwa inabeba tani nzima, na kijana aliyetumwa na mwenye vizimba vya samaki analipa na kuondoka nayo.

Tani nzima ya nini? Mtungi haukati mkanda, unateleza! Mtungi wa alumini wa lita 11 una kilo 14 hivi ukiwa mtupu. Uzito huo hauwezi kukata utepe mzima wa nailoni. Kinachotakiwa ni mkanda unaoung'ang'ania mtungi vyote vikiwa vimelowa. Nailoni hunywa maji na kurefuka. Mkanda uliokazwa mkavu pale mwaloni hulegea baada ya kuzama, mtungi unashuka mgongoni, mipira ya hewa inanyooka na regulata, kile kifaa cha kupumulia, inavutwa mdomoni. Halafu mtungi wa alumini hewa ikikaribia kwisha huanza kuelea, kitako kinanyanyuka, na mkanda uliolegea unauacha uchezecheze hadi uchomoke. Maji yetu karibu na mialo ni ya tope, na mwenzako aliye hatua mbili nyuma hataliona hilo.

Mkanda wa kweli una upana wa milimita 50 na bizimu la mkono, yaani lenye wenzo wa kulaza. Tofauti iko kwenye huo mkono. Bizimu la meno linashika tu pale ulipofika kwa nguvu za mikono yako. Bizimu la mkono, ukilifunga, linauvuta utepe zaidi ya ulivyouvuta wewe, kisha linapita katikati na kujifunga lenyewe. Ndiyo maana linapaswa kuwa gumu kufunga. Likifungwa kwa kidole kimoja, mkanda bado umelegea: fungua, vuta utepe, funga tena. Na ukiulazimisha mpaka mkono haulali chini kabisa, umezidisha. Utafunguka wenyewe ukigusa kamba ya kizimba.

Vipimo navyo hakuna anayeviuliza. Ule wa alumini wa lita 11 una kipenyo cha milimita 184. Ya chuma ya lita 10, na ya lita 12 mirefu, mingi ni milimita 171; ya lita 15 ni kama 204. Kati ya mwembamba na mnene mzingo unatofautiana kwa sentimita 10 hivi. Kwa hiyo mkanda uliotosha mtungi wa chuma wa lita 10 unaweza kukosa mkia, ile ncha ya utepe inayobaki, kwenye wa lita 15, na mkia usipofika tundu la mwisho la bizimu hakuna kinachouzuia kurudi. Mimi nataka baada ya kufunga mkia ubaki walau sentimita 15, ulale wote chini ya velkro.

Kupitisha utepe ndiko wengi wanakoharibu. Utepe upite tundu la kwanza, ujikunje na kurudi kupitia la pili ili ujibane wenyewe, ndipo ukaze; tundu la ncha ya mkono linakuja mwisho. Ukipitisha tundu moja tu, utateleza hata kama bizimu ni la chuma kisichoshika kutu. Kabla ya kuvua mkanda wa zamani upige picha, na ufuate mchoro wa aliyelitengeneza hilo bizimu, maana hayafanani.

Kisha jaribio. Lowesha mkanda kwenye ndoo mpaka ushibe maji. Ukosi wa jaketi uwe sawa na shingo ya mtungi, kaza, funga. Shika jaketi kwa mpini wake wa juu, nyanyua na mtungi, tikisa juu chini kwa nguvu. Mtungi ukishuka hata upana wa kidole, rudia. Muuzaji anayekataa jaribio hili mbele ya duka lake, mwachie mkanda wake.

Na nyie wenye vizimba mnaonunua jaketi la bei kubwa kisha mnabana senti kwenye mkanda: huyo mnayemtuma chini kushona nyavu ni mtoto wa mtu!

Jibu, Afande wa Maji:
Ndugu, umesema kweli, ila ongeza hili. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jedwali la mbizi la baharini (lile la kina na muda wa kukaa chini) halitumiki hapa bila kurekebishwa. Mtu anayekurupuka juu kwa sababu mtungi umemchomoka anajiumiza upesi kuliko yule wa Mombasa. Mtungi ukiteleza, usitoe regulata mdomoni. Ishike kwa mkono mmoja, mwite mwenzako. Yeye aushike mtungi kwanza, ndipo afungue bizimu, aunyanyue, akaze upya. Asifungue kabla ya kuushika!

Jibu, Mama Vizimba:
Afande, asante. Mimi ni mnunuzi na maneno yamenichoma. Je, ule wavu wa plastiki unaovishwa mtungi usikwaruzike, mkanda ukae juu yake?

Jibu, mwenye uzi:
Hapana, mama. Wavu ukilegea, unateleza na mkanda wako juu yake. Ukunje wavu mpaka mkanda uguse chuma chenyewe. Na mtungi usiwe na mafuta wala sabuni mahali pa mkanda. Vijana wako wakimaliza kazi wasuuze bizimu, mchanga wa ziwani unaingia kwenye pini na mkono haufungi sawasawa. Mikanda isianikwe juani siku nzima. Utepe ulioota manyoya pembeni au uzi wake wa mshono uliofumuka, ukate vipande siku hiyo hiyo asije mtu akauokota na kuutumia.

Jibu, Afande wa Maji:
Na kile kitanzi kidogo cha juu kinachovaa shingo ya vali, mama, kinasaidia kupata urefu sawa kila mara. Wasikitegemee kubeba mtungi. Jaketi lenye mikanda miwili, ikazwe yote miwili.