Mrejesho: Manispaa ijenge gym ya umma mtaani kwetu?

Habari wakuu. Niliuliza kama manispaa itumie mapato yake ya ndani kujenga gym ya umma hapa mtaani, Dar. Mkutano wa mtaa umekataa jengo la mashine, nami naafiki: umeme, fundi na mlinzi vingedai fedha kila mwezi. Tumependekeza kiwanja cha wazi chenye vyuma vya mazoezi, njia ya kukimbilia na taa. Akina mama wamesisitiza taa, maana nafasi yao ni jioni, na si kila mtu ana nauli ya kwenda kufanya mazoezi ufukweni Coco Beach. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea haraka kunahesabika. Ule mkopo mliotaja, wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo manispaa hutenga kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hautufai: lazima urejeshwe, na kiwanja tunataka kiwe bure. Sasa tunamsubiri diwani.