Taimushea: wiki moja, wiki ya kuchagua au pointi? Ipi nafuu kwa familia ya watu tisa

MamaSwabra_Malindi

Salaam aleikum wenzangu. Naombeni mawazo, maana hapa nyumbani hili jambo lazungumzwa tangu juzi mpaka chai yapoa mezani.

Sisi tuko Malindi, watu tisa ukimhesabu mama mkwe na binti wa dadangu tunayekaa naye. Kila mwaka twajaribu kutoka siku tano sita hivi, mara Amu (Lamu) kwa ndugu, mara Diani, mwaka mmoja tulifika mpaka Unguja. Na kila mwaka ni hadithi ile ile, nyumba yatafutwa shule zishafungwa, bei ishapaa, twaishia kulala kama dagaa na mama mkwe alalamika mgongo mpaka tunarudi.

Basi Jumamosi tukaalikwa chakula cha mchana kwenye hoteli moja, bure, sharti mume na mke waje pamoja. Nikasema haya twende tukale. Kumbe ni taimushea, yaani wanunua haki ya kulala kwenye nyumba yao ya likizo siku chache kila mwaka. Kijana na tabuleti yake, mzungumzaji mashallah, saa tatu nzima, glasi ya pasheni haijaisha ishajazwa. Ukimwambia tutafikiria aenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa aja na bei ya "leo tu".

Mali yenyewe iko Kusini Pwani, nyumba ya vyumba viwili na jikoni dogo, mwisho watu sita, mkataba miaka 20. Walitupa njia tatu. Ya kwanza wiki yako moja kila mwaka, ile ile, wao walitupa wiki namba 22, shilingi 320,000. Ya pili wiki ya kuchagua mwenyewe kila mwaka ikiwa nafasi ipo, 480,000. Ya tatu pointi, 600,000, waweza kuzigawa siku mbili hapa tatu pale na kubadilishana na hoteli za nje. Zote juu yake ada ya mwaka, 45,000.

Mimi naiona ile ya kwanza ndiyo nafuu. Baba Swabra ataka ya pointi. Nyinyi mwaonaje?

Kaskazi77

Pilau la bure lenye bei ya laki sita 😂 Mola atuhifadhi. Dada, hebu kwanza tufungulie kalenda, wiki ya 22 ni lini?

MezaYaMbele

Nimekaa resepsheni miaka kumi na moja, Watamu na Malindi, nikujibu mimi. Wiki ya 22 ni mwisho wa Mei. Masika hayo. Mwezi huo hoteli nyingi za huku zafunga kabisa zipake rangi, bahari imechafuka, upepo wa kusi ushaanza, paa la makuti lavuja. Na watoto wako darasani, muhula wa pili. Kwa hivyo hiyo 320,000 si nafuu, ni bei ya kitu ambacho hakuna anayekitaka. Wiki wanazozitaka watu wenye watoto ni za Agosti na za Disemba, na hizo ukiuliza utaambiwa zishakwisha au bei yake ni nyengine.

Na usidanganywe na neno "kubadilishana". Ni kweli yapo makampuni ya kubadilishana wiki, RCI ilianza Marekani 1974 na Interval International 1976, na yafanya kazi. Lakini wewe waweka wiki yako kwenye kapu, na nguvu yake ya kubadilishwa yategemea inatakiwa kiasi gani. Zamani RCI walikuwa wanazipaka rangi, nyekundu ndiyo inayogombewa, nyeupe ya kati, buluu ya msimu mfu. Ukienda na wiki yako ya mvua ukataka Krismasi mahali pengine, ni sawa na kwenda sokoni na ngogo ukataka kurudi na nguru. Halafu walipa uanachama wa mwaka, na walipa tena kila unapobadilisha, kwa dola.

Ile ya kuchagua nayo ina kisa chake. "Ikiwa nafasi ipo", soma hayo maneno mara mbili. Mimi ndiye nilikuwa nikipokea simu za hao wenye kuchagua. Mwenye kupiga Januari saa mbili asubuhi siku ya kwanza ya kubuku apata Agosti. Mwenye kupiga Juni apata Septemba.

Hesabu_Haidanganyi

Wacha niweke namba maana hapa watu wazungumzia mvua tu.

Chukua ile ya kati, 480,000. Kwa miaka 20 ni 24,000 kwa mwaka. Ongeza ada 45,000, yaja 69,000, gawa kwa usiku saba, kama 9,850 kwa usiku. Hapo ndipo kijana wa tabuleti aliposimama, nina hakika, akakwambia hoteli yataka elfu ishirini.

Sasa muulize ada hupanda? Hupanda kila mwaka, na mkataba ukisema bodi ndiyo itakayoamua basi wewe huna sauti. Tuseme yapanda asilimia 5 tu kwa mwaka. Mwaka wa ishirini utakuwa walipa karibu 113,700. Ada zote ukizijumlisha zakaribia 1,488,000. Weka na 480,000 ya mwanzo, ni karibu milioni mbili kasoro kidogo, gawa kwa usiku 140, wapata shilingi 14,000 kwa usiku. Na hapo umeenda kila mwaka bila kukosa hata mmoja, hakuna aliyeugua, hakuna msiba, hakuna mwaka wa korona. Ukikosa miaka mitano hiyo 14,000 yawa kama 18,700, maana ada walipa hata usipokanyaga.

Uliza pia ada ni ya shilingi au dola. Mwaka 2019 dola ilikuwa kama 100 na kitu, mwanzo wa 2024 ikagonga 160, baadaye mwaka huo huo ikashuka mpaka 129 hivi. Mkataba wa miaka 20 kwa dola ni kucheza kamari na benki kuu.

Halafu 480,000 hiyo hiyo ukiiweka mahali ikaleta hata asilimia 9, ni 43,200 kwa mwaka kabla ya kodi (mwenye kuogopa riba zipo za halali pia, msianze na mimi). Hiyo yakodi nyumba, na laki zako nne na themanini bado ziko palepale.

Mzee_wa_Mambrui

Mimi nilinunua. Sitaji jina, si la Kenya. Nilikuwa baharia, tulipofunga mahali nikaingizwa kwenye ukumbi hivi hivi, juisi, muziki, kila anayesaini wanapiga kengele na watu wanampigia makofi. Nikapigiwa makofi na mimi. Miaka tisa nimelipa ada, nimeenda mara tatu. Mwaka wa sita ikaja barua ati paa la jengo limeharibika kila mwenye wiki achange zaidi ya ada, pesa yake mbali. Nikasema niuze. Nani anunue? Kwenye mtandao kule Marekani watu waziuza kwa dola moja, dola moja wallahi, na bado hakuna mnunuzi kwa sababu ukinunua wanunua ile ada. Mkataba wangu haukuwa na mwisho, ulisema unarithiwa. Mke wangu akaniuliza, sasa hawa watoto wawarithisha nyumba au wawarithisha deni? Nikatoka kwa kuwasamehe kila kitu, wakaichukua bure.

Kwa hiyo mwanangu, huo wa miaka 20 angalau una mwisho. Lakini uliza unatokaje kabla ya hapo. Kama hawana jibu la kuandika, usiweke kalamu. Na kama moyo wako wataka sana taimushea, basi kwanza mtafute mwenye nayo asiyeenda mwaka huu umkodi wiki yake moja. Aghalabu atakupa kwa bei ya ada tu apate kupumua. Utalala pale, utajua choo chavuta maji au hakivuti.

MamaSwabra_Malindi

Mzee wangu shikamoo, umenichekesha na umenitisha. Hesabu, asante, nimemsomea baba Swabra kwa sauti, amenyamaza.

Lakini swali, pointi je? Hazina wiki, si ndio zafaa zaidi watu kama sisi?

BintiAmu

Shoga mimi ni wa Amu nimeolewa Malindi, nikwambie kitu ambacho hawa wanaume hawajakigusa. Wewe familia yako yasafiri lini? Hebu fikiria. Idd. Maulidi. Harusi. Sasa mwaka wetu wa mwezi una siku 354, kwa hivyo Idd yarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, miaka mitatu ishahama mwezi mzima. Ukifunga wiki moja kwa miaka 20, yaweza kuja mwaka wiki yako iangukie katikati ya Ramadhani, uende ukafungulie kwenye baa ya ufukweni? Na Maulidi ya Riyadha yaja mwisho wa Mfungo Sita, Amu yote yajaa, na kila mwaka tarehe ya kizungu ni nyengine. Wiki moja ya kudumu ni kitu cha watu ambao sikukuu zao hazisogei.

Pointi kwa hilo ni afadhali, kweli, zasogea na wewe. Hao Waswisi wa Hapimag, kampuni ya nyumba za likizo iliyoanza 1963, watumia mtindo huo wa pointi na haujafa, kwa hiyo si wazo baya lenyewe. Lakini uliza wiki ya Agosti ni pointi ngapi na ya Mei ngapi, na uulize kama wana haki ya kubadilisha hiyo chati. Wakiwa nayo, pointi ulizonunua leo kwa wiki mbili kesho zatosha wiki na nusu.

Na jambo la pili. Watu sita! Nyinyi tisa. Wale hawafanyi mchezo, waweka kibangili cha plastiki mkononi, asiye nacho haingii. Mama mkwe utamwacha getini? Itabidi ununue mbili, au mlipie chumba cha pembeni, na hesabu yote ya hapo juu yaharibika. Halafu hilo jikoni dogo, nimeliona la aina hiyo, meko mawili ya umeme na sufuria moja. Utapika wali wa nazi wa watu tisa humo? Mwaka jana sisi tulikodi nyumba Shela, huko Amu, ndugu watatu na watoto, tulikuwa kumi na nne, dari mbili na mpishi ndani, ikaja 16,000 kwa usiku tukagawana. Baada ya Idd, sio Idd yenyewe. Watoto walilala darini juu ya mikeka na hakuna aliyewauliza kibangili.

Twachanga. Kila nyumba elfu tatu kwa mwezi, nyumba tatu, yawa 108,000 kwa mwaka. Asiyeenda mwaka huo pesa yake yabaki kwa mwaka ujao.

Kaskazi77

Hio ya kuchanga mi nikiwa mweka hazina mtalala Mokowe kivukoni, Amu hamfiki 😂

MamaSwabra_Malindi

Sasa niseme ukweli wote maana nimeona haya tangu mwanzo. Baba Swabra kashasaini. Jumamosi ile ile. Nilikuwa nimempeleka mdogo msalani, narudi nakuta watu wapeana mikono. Ni ile ya pointi. Ametoa dipoziti 60,000 kwa simu. Ndio maana niliuliza ipi nafuu, nilitaka mniambie ni nzuri nilale.

Hesabu_Haidanganyi

Nakala ya mkataba mmepewa? Lini?

MamaSwabra_Malindi

Jumamosi hiyo hiyo, kwenye bahasha ya buluu. Leo ni Ijumaa.

Hesabu_Haidanganyi

Basi siku ya sita, mko salama, lakini msilale. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 ina kifungu cha taimushea kabisa, sio bidhaa kwa jumla, taimushea. Mnunuzi aweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu yoyote mpaka siku 10 baada ya kupokea nakala. Kule Ulaya ni siku 14, kwa hivyo hata hao wauzaji wajua mchezo huu upo, ndio maana wanaharakisha mtu asaini siku hiyo hiyo.

Andikeni barua leo. Fupi. Majina, namba ya mkataba, tarehe, "tunavunja mkataba huu na twaomba dipoziti yetu irudishwe", wote wawili msaini kama wote mlisaini. Msipige simu, simu haina muhuri. Pelekeni kwa mkono ofisini, nakala mbili, moja wagonge na kuandika wameipokea, na ile ile mtume kwa imeili ibaki na tarehe. Wakianza kuwaita mje mzungumze mpewe ofa bora zaidi, msikae.

MezaYaMbele

Na msinywe hio juisi.

MamaSwabra_Malindi

Wenzangu nimerudi. Barua tulipeleka Jumamosi asubuhi. Yule kijana hakuwepo, tukapata binti wa mapokezi, akasema mkubwa yuko Mombasa tungoje Jumatatu. Nikamwambia mwanangu mimi sikuja kumwona mkubwa, nimekuja kuona muhuri. Tukakaa kwenye kiti dakika arobaini baba Swabra kainamia simu hasemi. Mwisho akagonga, nimepiga picha, na imeili imeenda. Pesa bado hazijarudi, wamesema wiki mbili, nitawaambia.

BintiAmu shoga, ile nyumba ya Shela, ya dari mbili, Agosti iko wazi? Nitumie namba kando. Na mama mkwe auliza kama ngazi zake ni ndefu.