Naomba ushauri: madereva wanaovuka mstari mweupe kwenye kona

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwamuzi wa kujitolea kwenye mbio za magari za klabu, nakaa kona ya mwisho. Kanuni naijua: tairi zote 4 zikitoka nje ya mstari mweupe, umetoka njiani. Ukingo uliopakwa rangi hauhesabiki kama njia.

Shida ni kuona. Gari linapita kasi, tairi la ndani limebaki juu ya mstari kwa upana wa kiganja, au halikubaki? Nina kamera moja tu, tena inatazama kutoka mbele. Wiki iliyopita nilimfutia kijana muda wake bora, akaja na video ya ndani ya gari, na kwa kweli haikuonyesha kitu chochote cha uhakika. Sikulala vizuri.

Hata Formula 1 walihangaika: Austria mwaka 2023 walilazimika kukagua matukio zaidi ya 1,200, na adhabu nyingine zikatoka saa kadhaa baada ya mbio. Mwaka uliofuata wakaweka changarawe nje ya mstari kwenye kona sugu, malalamiko yakapungua sana.

Changarawe sisi hatuna uwezo nayo kwa sasa. Matuta marefu ya ukingoni mwa kona siyataki kabisa, yanarusha magari hewani. Kwenye uwanja wa mbio wa Monza, Italia, mwaka 2019 gari la Formula 3 lilipaa hadi kwenye uzio.

Waliowahi kusimamia, kamera mngeiweka wapi? Na pale ninapokuwa na shaka, nimwachie dereva?